Kuondoa Zebaki Uani: Safari ya Kutoka Kigoma hadi Nzega

Simulizi hii nimeiandika baada ya kurudi nyumbani Kigoma, nikifuata daftari la safari na picha za simu, kwa sababu wakati wa kazi yenyewe sikuwa na nafasi ya kuandika zaidi ya mistari michache kila usiku. Kilichonipeleka Nzega wakati wa likizo ya Juni ni ombi la afisa afya wa kata ambaye nilimfundisha kemia alipokuwa sekondari. Katika kijiji anachokihudumia, wachimbaji wadogo wa dhahabu wamechenjua mawe, yaani kuitoa dhahabu iliyomo, kwa zebaki, metali ya majimaji yenye sumu, kwa miaka mingi, na serikali ya kijiji ilikuwa imeamua kuanza kuondoa udongo uliochafuka katika nyua za nyumba zilizo karibu na kisima. Jina la kijiji silitaji, kama nilivyokubaliana na viongozi wake, kwa kuwa mazungumzo na wenye marundo ya mchanga uliochenjuliwa bado yanaendelea.

Jumamosi: Kigoma hadi Tabora

Basi liliondoka saa kumi na mbili asubuhi, nauli ikiwa shilingi 28,000. Mzigo wangu mkubwa ulikuwa boksi la chupa za kioo zenye vifuniko vya kubana, na kondakta alisisitiza kwamba liingie kwenye buti pamoja na magunia ya dagaa. Nilimweleza kuwa ni vyombo vya sampuli, akasema kila abiria ana maelezo yake. Aliyemaliza ubishi ule ni bibi mmoja aliyekuwa ameketi kiti cha mbele, ambaye alisogeza kikapu chake, akalipokea boksi na kulipakata hadi Uvinza, na alipokuwa akishuka akamkabidhi kijana wa nyuma yake kwa maneno haya: "Mjukuu wangu, mshikie mwalimu, vitu vya hospitali hivi."

Anayekwenda kuchukua sampuli za udongo wenye zebaki asishawishike kubeba mifuko ya nailoni kwa kuwa ni myepesi. Mvuke wa zebaki hupenya plastiki nyembamba, na kitakachofika maabara hakitakuwa kile kilichochotwa.

Baada ya Uvinza palikuwa na vumbi, kisha daraja la Malagarasi, kisha saa mbili za kusubiri Kaliua mafundi wakibadilisha mkanda wa injini. Urambo tulipishana na malori yaliyojaa marobota ya tumbaku, kwa kuwa masoko yalikuwa yamefunguliwa. Tuliingia Tabora giza limeshatanda. Chumba karibu na stendi kilikuwa shilingi 20,000, na wali kwa maharage na nyama ulikuwa 4,000.

Kabla ya kulala nilikumbuka kuwa dhahabu na mji huu ni marafiki wa zamani. Mwaka 1916, Wajerumani walipozingirwa katika vita vile vikuu na kukosa fedha, walifua hapa Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyotoka Sekenke, upande wa Iramba. Sarafu zile leo zinatafutwa na wakusanyaji duniani kote. Kuhusu maji na udongo walioachiwa watu wa machimbo ya enzi hizo, sijawahi kusikia mtu akiuliza.

Jumapili: Tabora hadi kijijini

Kutoka Tabora hadi Nzega ni kama kilomita 115, lami tupu, na Coaster ilitutoza shilingi 7,000. Pembezoni mwa barabara watu walikuwa wakipepeta mpunga.

Afisa afya alinipokea stendi kwa shikamoo na kikombe cha chai, kisha akanionyesha upande ulipokuwa mgodi wa Golden Pride, ule mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu wa zama hizi nchini, ulioanza uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 1990 na kusimama miaka 15 hivi baadaye. Mgodi wa namna ile hutakiwa kisheria kuwa na mpango wa ufungaji na dhamana ya kukarabati ardhi. Mwalo wa mchimbaji mdogo, yaani mahali anapochenjulia, hauna kitu cha aina hiyo: siku dhahabu ikiisha, watu huhama na karasha zao, mashine za kusagia mawe, na udongo unabaki na wenye nyumba.

Bodaboda kutoka Nzega mjini hadi kijijini ilitugharimu shilingi 10,000 kila mmoja, pamoja na kusukuma pikipiki kwenye mchanga wa mto uliokauka. Tulianzia kwa mtendaji wa kijiji, tukasaini kitabu cha wageni, kisha tukaenda kumsalimu mwenyekiti nyumbani kwake. Mgeni yeyote anayekuja kwa shughuli inayogusa ardhi asiruke hatua hizi mbili, hata akiwa na barua ya wilaya mkononi. Nilifikia kwa mama mmoja, mjane, jirani wa zahanati, ambaye alikataa katakata kupokea fedha ya malazi, na jioni ile alituandalia ugali na nsansa, mboga ya majani makavu, iliyoungwa kwa karanga.

Jumatatu: kuangalia

Asubuhi tulizunguka na mwenyekiti wa kitongoji. Kazi ya dhahabu hapa hufuata mkondo unaojulikana na kila mtoto. Mawe yanatoka kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, yanasagwa kwenye karasha, unga unapitishwa kwa maji juu ya mwalo uliotandikwa magunia, kisha kinachonaswa kinakusanywa kwenye karai na kutiwa zebaki, ambayo huishika dhahabu. Bonge linalopatikana hukamuliwa katika kitambaa, na kwa kawaida karibu nusu ya uzito wake bado huwa ni zebaki. Ndipo huchomwa, zebaki ikatoka kama mvuke na dhahabu ikabaki.

Nilikuwa nimetarajia kwamba uchafu mkubwa ungekuwa mwaloni. Uko huko pia, lakini uliotutisha zaidi ulikuwa majumbani, na sababu yake ni usalama wa mali. Mchimbaji aliyepata dhahabu hachomi hadharani mbele ya watu asiowajua. Hurudi nayo nyumbani usiku, akafunga mlango wa jiko, akachomea kwenye mkaa uleule ambao mke wake atapikia uji asubuhi. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Sentigredi, nayo ikishapanda hewani haina rangi wala harufu, hupoa na kutua kwenye kuta, kwenye sufuria na kwenye sakafu ya udongo ambako mtoto anatambaa.

Katika nyumba ya kwanza, mwenye nyumba, mama wa watoto wanne, alituruhusu kuchota udongo wa pembeni ya mafiga yake. Afisa afya aliutia kwenye karai pamoja na maji, akauzungusha taratibu kama wanavyofanya wachimbaji wenyewe, akimwaga tope kidogo kidogo. Mwishoni, chini ya karai, pembeni mwa mchanga mweusi, vilionekana vitone vya rangi ya fedha, vidogo kuliko punje ya ulezi, vikikimbiliana na kuungana kila alipoinamisha karai. Mama yule aliinama, akaangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu: "Na huyu ninayemnyonyesha?"

Tulimjibu ukweli kadiri tulivyoujua. Mvuke wa zebaki huingia kwa njia ya pumzi, huathiri mishipa ya fahamu na figo, na aliye tumboni na mtoto mchanga ndio wanaodhurika zaidi. Kumwachisha mtoto ziwa hakukuwa dawa, bali kumtoa kwenye jiko lile siku hiyo hiyo. Jirani yake, bila kuombwa, alisema jiko lake lina nafasi kwa masufuria ya nyumba mbili.

Alasiri kulikuwa na mkutano chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Mzee mmoja alisema wachimbaji hunywa maziwa baada ya kuchoma na kwamba maziwa husafisha kifua, imani ambayo nimeikuta kila mahali penye dhahabu. Niliwaeleza kuwa maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaurudishi mvuke ulioingia mapafuni. Kisha niliwasimulia habari ya Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, ambako mwaka 2010 iligundulika kuwa mamia ya watoto walikuwa wamekufa kwa sumu ya risasi iliyokuwamo katika mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani. Sumu ile ni nyingine, lakini dawa yake ndiyo niliyotaka waione: nyua zilikwanguliwa nyumba kwa nyumba, udongo wenye sumu ukazikwa, udongo safi ukamwagwa mahali pake, na wengi walioshika majembe walikuwa wanavijiji wenyewe. Kijiji cha Bagega, kilichosubiri zaidi, kilifikiwa mwaka 2013.

Jumanne: kusubiri na kubishana

Kifaa cha mkononi kinachosoma metali kwenye udongo kwa mionzi ya eksi kilipaswa kufika asubuhi pamoja na fundi wake. Kilifika jioni, kwa kuwa taasisi iliyotuazima ilikuwa imekitoa bila kuchaji betri, na chaji ikabidi itafutwe kwenye sola ya zahanati. Mwenye kupanga kazi ya namna hii aongeze siku nzima kwa ajili ya vifaa pekee.

Siku haikupotea, kwani ndiyo iliyonifundisha jambo kubwa kuliko yote niliyoyaona katika safari hii. Karibu na kisima, kwenye mteremko wa maji ya mvua, lipo rundo la marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kuchenjuliwa, lenye kimo kumzidi mtu. Kwangu mimi lile lilikuwa chanzo cha kwanza cha kuondolewa. Mwenyewe, mzee wa makamo ya baba yangu mdogo, alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akasema: "Mwalimu, hilo si takataka. Hilo ni ada ya wajukuu wangu."

Alikuwa anasema kweli. Zebaki hukamata sehemu tu ya dhahabu, na kiasi kikubwa hubaki kwenye marudio. Wenye matenki ya sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, hununua marudio hayo ili kuitoa iliyobaki, kwa hiyo rundo lile ni akiba: mzee alilinunua kidogo kidogo kwa wachimbaji waliokuwa na shida ya fedha, na mengine bado anadaiwa. Anayekuja na jembe na nia njema na kumwambia alizike, anamwambia azike fedha za watu. Nimesoma maelekezo mengi ya kusafisha ardhi iliyochafuliwa na viwanda, na karibu yote yanachukulia kwamba uchafu ni kitu ambacho hakuna anayekitaka. Hapa uchafu una mwenyewe na bei, na una wadai pia, na ndiyo sababu umekaa karibu na nyumba ambako unaweza kulindwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa, na ni kanuni ya haki. Lakini kijijini, anayechafua ni baba wa watoto wanaochafuliwa, na akitozwa faini anachopunguza ni unga wa ndani. Mtendaji aliliona hilo mapema kuliko mimi. Alisema kuwa hatutamwita mzee mkosaji, tutamwita mwenye mali inayohitaji ghala.

Jumatano na Alhamisi: jembe

Tulianza alfajiri, na tuliacha kila siku saa nne asubuhi, kwa sababu jua likipasha ardhi mvuke wa zebaki huongezeka, na barakoa za kitambaa tulizokuwa nazo huzuia vumbi tu, mvuke hupita. Watoto na wajawazito walihamia kwa majirani tangu usiku. Kuku walifungwa miguu, jambo ambalo hakuna kitabu kilichoniambia: kuku anayechakura ua uliokwanguliwa nusu huusambaza uchafu hadi mlangoni.

Kila ua ulinyunyiziwa maji kidogo kwanza ili vumbi lisipande. Ufagio ulipigwa marufuku, kwa kuwa hupasua vitone kuwa vidogo zaidi na kuvitawanya. Vijana walikwangua udongo wa juu, kina cha vidole vitatu hivi, wakaujaza kwenye viroba viwili viwili, kimoja ndani ya kingine. Fundi alipitisha kifaa chake juu ya sehemu iliyokwanguliwa, akasoma namba kwa sauti, nami nikaandika. Mahali pengi namba zilishuka baada ya mkwanguo wa kwanza. Penye mafiga hazikushuka, tukaongeza, tukaongeza tena, hadi shimo likaingia mkono wa mtu mzima hadi kwenye kiwiko. Mafiga yenyewe ilibidi yaende pamoja na udongo, vilevile kipande cha ukuta kilichokuwa juu yake. Mama mwenye nyumba alisimama akitazama mafiga aliyoolewa nayo yakiingia kwenye kiroba na hakusema kitu. Alasiri, wanawake wa kitongoji walimletea mapya kutoka mlimani, wakiwa wameyabeba kichwani.

Viroba vilipelekwa kwenye shimo lililochimbwa juu, mbali na kisima na nje ya njia ya maji ya mvua, likatandikwa plastiki nzito chini na pembeni. Juu yake ilikuja plastiki nyingine, kisha udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, kisha uzio wa minyaa. Mtu mmoja aliuliza kwa nini tusiuchome udongo ule uishe. Zebaki ni elementi, haiishi kwa moto, moto huibadilishia njia tu na kuirudisha kwenye pumzi za watu. Kwa hiyo shimo lile ni hifadhi, na mtendaji ameliandika kwenye ramani ya matumizi ya ardhi ya kijiji ili asije mtu akajenga hapo.

Nyua zilijazwa udongo wa kichuguu uliochotwa upande wa pili wa kijiji, baada ya fundi kuupima. Wenyeji waliuchagua wenyewe kwa kuwa hushikamana ukishindiliwa, na jiko lililosiribwa kwa udongo ule lilikuwa limekauka kesho yake.

Chakula cha siku hizi mbili kilikuwa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa mgando, kililetwa na kila nyumba kwa zamu, na tulikila baada ya kunawa kwa sabuni na kuacha nguo za kazi palepale eneo la kazi. Atakayekuja aje na nguo ambazo yuko tayari kuziacha.

Ijumaa: rundo

Makubaliano na mzee yalichukua asubuhi nzima. Rundo lingehamishwa lakini lisingezikwa. Lingewekwa kwenye sakafu ya saruji yenye ukuta mfupi, iliyokuwa ya ghala la pamba la zamani, na kufunikwa kwa turubai. Kila tela lilipimwa kwa ndoo za lita 20, likaandikwa na mtendaji mbele ya mjukuu wa mzee na shahidi wa kijiji, na karatasi zikawekwa dole gumba pande zote. Mzee alitoa trekta, kijiji kikatoa dizeli.

Sharti gumu lilikuwa kwamba marudio yale yasiuzwe kwa mwenye sayanaidi kabla zebaki haijaondolewa. Sayanaidi huiyeyusha zebaki na kuifanya itembee na maji kwa urahisi zaidi, na Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unaitaja njia hiyo miongoni mwa zile zinazopaswa kukomeshwa, pamoja na kuchoma zebaki wazi na kuichoma kwenye makazi. Mkataba huo umebeba jina la mji wa Japani ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na kazi ya kuondoa na kufunika tope la ghuba yake ilidumu kutoka 1977 hadi 1990. Mzee aliposikia miaka ile aliuliza kama lile tope lilikuwa na dhahabu. Nilipomjibu hapana, alisema, "Basi sisi tuna nafuu, letu lina cha kulilipia." Sijasikia mtaalamu akiliweka vizuri zaidi.

Jioni, fundi wa kuchomelea kutoka Nzega alileta ritoti ya kwanza, yaani chungu cha chuma kinachofungwa, chenye bomba linaloupoza mvuke na kuurudisha kuwa zebaki ndani ya kopo la maji. Alitutoza shilingi 70,000. Wachimbaji waliiamini pale walipoona zebaki yao wenyewe ikidondoka kwenye kopo, kwa kuwa zebaki wanainunua kwa bei kali. Ilikubaliwa ifungwe kwenye kibanda cha wazi mbali na nyumba, chenye kufuli mbili na funguo mikononi mwa watu wawili tofauti, ili anayechoma asihofie kuibiwa.

Jumamosi: kurudi

Afisa afya alipanda basi la Mwanza na boksi la chupa, kwa maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na mimi nikashika njia ya Tabora. Mama mjane alinifungia michembe, vipande vya viazi vitamu vikavu, na chupa ya asali, na hakukubali kupokea hata nauli ya mtoto aliyenibebea begi.

Tangu nirudi tumezungumza kwa simu mara kwa mara. Majibu ya maji ya kisima yamekuja mazuri, ya nyua mbili yanadai mkwanguo mwingine. Nyumba moja iliyokuwa imekataa sasa imeomba iingizwe kwenye zamu, na nyingine bado inachomea ndani. Rundo liko kwenye sakafu, na mnunuzi aliyekuja na lori usiku amerudishwa na mjukuu wa mzee. Kinachotafutwa kwa sasa ni mtu mwenye meza ya kutikisa, inayotenga chembe nzito na mchanga, au njia nyingine ya kuitoa zebaki kwenye marudio kabla mvua hazijaanza mwezi Novemba, pamoja na plastiki nzito kwa shimo la pili na chupa za kioo. Atakayepita Nzega akiwa na chochote kati ya hivyo aulizie ofisi ya afya ya halmashauri, nao watamfikisha.